Oscar: Tunailaumu Kura, Kumbe Mchujo Ulishapita

Usiku wa Oscar, tuzo za filamu za Marekani, bahasha ya mwisho ikifunguliwa, ubishi huanza hata kabla washindi hawajapanda jukwaani. Huyu anasema filamu bora imeporwa. Yule anasema mambo yalishapangwa. Wa tatu hajaona hata mbili kati ya zile kumi zilizoteuliwa, na aghalabu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Mimi mwenyewe nimo katika ubishi huo kwa miaka na sina mpango wa kutoka, ila nimekuja kuona kwamba wengi wetu tunalalamikia mahali pasipo. Tunaishuku kura ya mwisho, ilhali filamu nyingi zilizodhulumiwa huwa zimeshaachwa nje ya mlango miezi kadhaa kabla kura hiyo haijapigwa.

"Kuna jopo la majaji linalokaa na kuamua"

Jopo liko kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Kule watu wachache, kwa kawaida tisa, hutazama filamu zote zinazoshindana, kisha hukaa faragha wakabishana hadi wapate mshindi. Oscar haina kikao cha namna hiyo. Wapigakura ni wanachama wa Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya Marekani, takriban watu 10,000: waigizaji, waongozaji, wapiga picha, wahariri, mafundi wa sauti, wabunifu wa mavazi, wakubwa wa studio. Kila mmoja hupiga kura yake mtandaoni, kivyake. Ndiyo maana nikisikia "mwaka huu walitaka kutoa ujumbe" huwa najiuliza: akina nani hao, na walikubaliana wapi?

Tena anayeteua si lazima awe ndiye anayechagua. Katika vipengele vingi, tawi la fani husika ndilo linaloteua: waigizaji huteua waigizaji, waongozaji huteua waongozaji. Filamu bora ndiyo huteuliwa na wanachama wa matawi yote. Mwaka 2024 Greta Gerwig alipokosa kuteuliwa kuwa mwongozaji bora kwa *Barbie*, lawama zilimwagiwa Akademia nzima. Waliomwacha ni waongozaji wenzake, watu mia kadhaa tu. Wanachama kwa jumla waliiteua filamu yake kuwania tuzo kuu, ile ya filamu bora. Mwaka 2013 Ben Affleck alifanyiwa hivyo hivyo. Tawi la waongozaji lilimruka, na usiku wa sherehe *Argo* yake ikatangazwa filamu bora.

"Mshindi ndiye aliyependwa kuliko wote"

Hapa ndipo wengi tunapopotea, na si ajabu, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya aina yake. Katika vipengele vingine vyote, mwenye kura nyingi katika duru ya mwisho ameshinda. Filamu bora haihesabiwi hivyo. Mpigakura hapigi tiki kwenye jina moja. Anazipanga filamu kwa namba, ya kwanza hadi ya kumi.

Chukua mfano wa kura 100 na filamu tatu. Ya kwanza imewekwa namba moja na watu 40, ya pili na watu 35, ya tatu na watu 25. Kwa hesabu tuliyoizoea, ya kwanza imeshinda na watu waende nyumbani. Lakini haijavuka nusu. Basi ile ya mwisho inaondolewa, na kura zake 25 zinahamia kwa filamu ambayo kila mpigakura wake aliiweka namba mbili. Ikiwa 20 kati yao waliiweka ile ya pili na 5 wakaiweka ya kwanza, matokeo ni 55 kwa 45, na aliyekuwa nyuma ndiye anayebeba sanamu.

Utaona mara moja nani anaumia. Filamu inayowagawa watu, ambayo baadhi wanaiabudu na wengine hawataki hata kuisikia, hukwama. Inayopendwa kiasi na karibu kila mtu hupeta. Kwa hiyo tuzo hii humpa ushindi yule anayekubalika kwa wengi, na kukubalika si kitu kile kile na kupendwa mno.

Utaratibu huu ulirudishwa kwa sherehe ya mwaka 2010, baada ya kelele nyingi kwamba *The Dark Knight* ilinyimwa uteuzi mwaka 2009 wakati nafasi zilikuwa tano tu. Nafasi zikaongezwa hadi kumi, na kwa nafasi kumi hesabu ya kawaida ingeweza kumpa ushindi mtu mwenye sehemu ndogo sana ya kura. Sasa angalia kilichofuata. Zamani ilikuwa kama desturi kwamba filamu bora na mwongozaji bora huenda pamoja. Katika sherehe 10 za mwaka 2013 hadi 2022, tuzo hizo mbili zilikwenda kwa filamu tofauti mara 6. Mwaka 2019 Alfonso Cuarón alishinda kwa kuiongoza *Roma*, tuzo kuu ikaenda kwa *Green Book*. Sisemi kwamba hesabu peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, lakini anayeshangaa kila mara inapotokea ajue kwamba kura hizo mbili hazihesabiwi kwa kanuni moja.

Na yule anayekwambia filamu fulani "ilikosa kwa kura chache tu" amejitungia. Akademia haijawahi kuwa na mazoea ya kutoa idadi ya kura. Hata mkanganyiko wa mwaka 2017, *La La Land* ilipotangazwa na dakika chache baadaye ikaonekana mshindi ni *Moonlight*, haukutokana na kuhesabu vibaya: watangazaji walipewa bahasha ya mwigizaji bora wa kike.

"Zinanunuliwa"

Kura hainunuliwi. Kinachonunuliwa ni macho. Studio hutumia fedha nyingi kwenye matangazo, maonyesho maalumu na vikao vya maswali na majibu, ili filamu yao iwe ile ambayo mwanachama mwenye shughuli nyingi atakumbuka kuitazama. Mfano unaotajwa kila mara ni wa mwaka 1999, *Shakespeare in Love* ilipoishinda *Saving Private Ryan* baada ya kampeni kali ya kampuni ya Miramax chini ya Harvey Weinstein. Steven Spielberg alipata tuzo ya mwongozaji usiku ule, ya filamu hakupata.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: fedha haimalizi kila kitu. Mwaka 2010 *The Hurt Locker*, filamu iliyoingiza kipato kidogo mno kwenye kumbi, iliipita *Avatar*, iliyovunja rekodi za mapato duniani. Na mmoja wa watayarishaji wa *The Hurt Locker* alikuwa amezuiwa kuhudhuria sherehe kwa sababu ya kutuma barua pepe za kuwaomba wapigakura waipendelee filamu yake badala ya ile ya fedha nyingi.

Kinachonikera mimi ni kingine. Hadi juzi, katika vipengele vingi, mwanachama hakulazimika kuthibitisha kwamba amezitazama filamu alizozipigia kura. Ni Aprili 2025 tu ndipo Akademia ilipotangaza kwamba, kuanzia sherehe ya 98, ya mwaka 2026, asiyetazama filamu zote zilizoteuliwa katika kipengele fulani hatapiga kura ya mwisho ya kipengele hicho. Nilirudia kuisoma habari hiyo. Karibu karne nzima tumebishana kama walichagua vizuri, kabla ya kuuliza kama waliangalia.

"Ni filamu bora ya dunia"

Ili iingie kwenye mashindano makuu, filamu ndefu inapaswa kuzidi dakika 40 na kuonyeshwa kibiashara katika kumbi za Marekani kwa angalau siku saba mfululizo. Hilo peke yake limeshafagia sehemu kubwa ya sinema za dunia. Zinabaki na mlango wa pembeni, kipengele cha filamu ya kimataifa, na mlango huo kwa miaka mingi umekuwa na bawabu wake: kila nchi imekuwa ikiwasilisha filamu moja tu, iliyochaguliwa na kamati ya huko huko.

Mwaka 2023 *Anatomy of a Fall* ilitwaa tuzo kuu ya Cannes. Kamati ya Ufaransa ikaiacha na kupeleka filamu nyingine, ambayo haikuteuliwa. *Anatomy of a Fall* ikapita mlango mkubwa, ikapata uteuzi mara tano, ukiwemo wa filamu bora, na ikashinda tuzo ya mswada. Ilikuwa na wasambazaji wenye nguvu Marekani. Filamu isiyo nao ikishaachwa na kamati ya kwao, imekwisha. *Lionheart* ya Genevieve Nnaji, filamu ya kwanza kuwasilishwa na Nigeria, iliondolewa kwenye kipengele hicho mwaka 2019 kwa sababu mazungumzo yake mengi yalikuwa kwa Kiingereza. Kanuni iliandikwa wazi, ni kweli. Lakini Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Nigeria, na hakuna aliyewauliza Wanaijeria wachague lugha ya kutawaliwa nayo.

Wapigakura nao wana sura yao. Uchunguzi wa gazeti la Los Angeles Times mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 94 walikuwa weupe na asilimia 77 wanaume. Miaka mitatu baadaye, na tena mwaka 2016, waigizaji wote 20 walioteuliwa walikuwa weupe. Ndipo Akademia ikaanza kualika wanachama wapya kwa wingi, wakiwemo wengi kutoka nje ya Marekani, na mwaka 2020 *Parasite* ya Korea Kusini ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda tuzo kuu. Waliobadilika ni wapigakura. Filamu nzuri za lugha nyingine zilikuwepo siku zote.

"Historia imeshaonyesha kwamba hukosea kila mara"

Hukosea, na makosa yake hukumbukwa kuliko usahihi wake. *Citizen Kane* iliteuliwa mara 9 ikaambulia tuzo moja. Alfred Hitchcock hakuwahi kushinda kama mwongozaji. Lakini *Casablanca* ilishinda, *The Godfather* ilishinda, na hakuna anayepiga kelele kuhusu hizo.

Hata wahakiki hawasimami mahali pamoja. Katika kura ya filamu bora za wakati wote ambayo jarida la filamu la Sight and Sound la Uingereza huiendesha kila baada ya miaka kumi, *Citizen Kane* iliongoza kuanzia 1962 hadi 2002, ikapitwa na *Vertigo* ya Hitchcock mwaka 2012, na mwaka 2022 zote mbili zikapitwa na *Jeanne Dielman* ya Chantal Akerman.

Katika sherehe ya kwanza, mwaka 1929, Akademia ilitoa tuzo kuu mbili. Moja, ya utayarishaji uliotia fora, ilikwenda kwa *Wings*. Nyingine ilikuwa ya filamu ya kipekee na ya kisanaa, ikaenda kwa *Sunrise*. Mwaka uliofuata ile ya pili ikafutwa, na haijarudishwa mpaka leo.