Haina Moshi, Haichafui? Kamuulize Mbuzi Aliyelala kwenye Mazuku

Juzi tena, kwenye matanga huko Himbi, mzee mmoja kanigeukia: "Injinia, gesi ya Ziwa Kivu haina moshi, kwa hiyo haichafui hewa, au siyo?" Nikanywa chai yangu kwanza. Swali hili nimelijibu hadi sauti imekauka.

Jamani, sisi ni watu wa Goma! Mazuku, ile gesi nzito inayotoka ardhini, yanalala kimya kwenye mashimo ya mawe ya volkano, hayana rangi wala moshi, na asubuhi unakuta mbuzi kafa humo. Kilichomuua ni kabonidioksidi. Sasa kwenye bomba la mashine tunataka macho ndiyo yapime?

Moshi mweusi wa jenereta ya mazutu, yaani dizeli, ni masizi, mafuta yaliyokosa hewa. Badilisha filta, pima nozeli. Kazi ya mchana mmoja, tuiache.

Gesi ya Kivu ina mambo yake. Kule Kibuye, upande wa Rwanda, maji yanapandishwa kutoka kina cha mita 350 hivi, gesi inajitoa kama soda iliyofunguliwa, inaoshwa kwa maji ili kabonidioksidi ipungue, halafu injini zinatoa megawati 26 za umeme. Kazi nzuri, siipingi. Methani, ndiyo gesi yenyewe inayowaka, ikiungua yote, inabaki kabonidioksidi na mvuke.

Ikiungua yote! Injini za gesi tunazilisha hewa nyingi, karibu mara mbili ya mahitaji. Moto unapoa, nitrojeni oksidi, sumu inayozaliwa na moto mkali, inashuka sana, kila mtu anapiga makofi. Ila mchanganyiko ukiwa mwepesi hivyo, moto unazimika kabla ya kufika kwenye ukuta wa silinda, na gesi iliyojibana juu ya ringi za pistoni inatoka mbichi. Ukiendesha injini kwa mzigo mdogo, ndiyo balaa zaidi. Na methani mbichi, kwa miaka 100, inapasha dunia joto takribani mara 28 kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule. Piga hesabu: asilimia 10 ikipita bila kuungua, joto linaloletwa duniani linakaribia mara mbili ya pale ingeungua yote. Moshi? Hakuna hata kidogo.

"Si mfunge katalisti, kile kifaa cha kusafisha hewa ya bomba?" Kabonimonoksidi inakubali kuungua humo haraka. Methani ni kichwa ngumu, inataka joto kali, na salfa kidogo tu inaiharibu katalisti yenyewe. Gesi ya ziwa letu ina salfa.

Kwa hiyo nichague nini, nitrojeni oksidi inayokohoza watoto wa mtaani leo, au methani inayopasha dunia nzima? Kila nikirekebisha injini nachagua, na sijawahi kulala nikiwa na hakika.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijaza ripoti ya nitrojeni oksidi kwa kalamu nyekundu, kwa fahari. Safu ya methani niliiacha wazi. Bosi akasaini.