Kwa nini barua pepe ya Nairobi kwenda Nairobi ilizungukia ng'ambo?

Mwaka 2000, mtu wa ofisi ya Westlands akimtumia barua pepe mteja aliyeko Industrial Area, upande wa pili wa jiji hilo hilo la Nairobi, barua ilianza safari ya ajabu. Kama wawili hao walitumia kampuni tofauti za intaneti, barua ilipanda hadi kwenye setilaiti, ikashukia Ulaya au Marekani, ikakabidhiwa huko kwa mtandao mwingine, ikapanda setilaiti tena, ndipo ikarudi Nairobi. Jibu nalo lilizunguka vivyo hivyo.

Ukiuliza kwa nini, wengi watakwambia vifaa vilikuwa havijafika, na hata watu wa kompyuta husema hivyo. Sivyo. Kifaa kilichohitajika ni swichi, kile kisanduku chenye matundu ya kuchomekea nyaya, na ofisi yoyote yenye kompyuta kumi ilikuwa nacho. Kilichokosekana ni maelewano.

Tunakosea kwa sababu tunaiwazia intaneti kama maji: yatafute mteremko, yashuke kwa njia fupi. Ruta, kifaa kinachoamua data ielekee wapi, haijui kilomita wala haina ramani. Ina orodha tu inayosema, "anwani hizi, mkabidhi jirani huyu, anwani zile, mkabidhi yule." Orodha hiyo huzaliwa na mikataba. Kampuni ya kwanza ilikuwa na mkataba na muuzaji wa ng'ambo, ya pili nayo ilikuwa na wake, na kati ya hizo mbili hapakuwa na chochote. Ni kama ndugu wawili waliogombana, nyumba zao zimepakana, lakini kila salamu inapitia kwa shangazi aliyeko London. Shangazi huyu, kwa bahati mbaya, anatoza kwa kila salamu, ya kwenda na ya kurudi.

Kosa hili lina ndugu yake. Wapo wanaokubali kwamba barua zilizunguka, kisha wakasema tatizo liliisha mikongo ya baharini ilipofika: Seacom na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Mkongo uliharakisha mzunguko, haukuuondoa. Hata leo pakiti, yaani kipande kimoja cha data, ikienda London na kurudi Nairobi kwa faiba inatumia takriban milisekunde 140 hadi 180. Ikibaki jijini inatumia chini ya 10. Dawa ilikuwa imepatikana miaka saba kabla ya mkongo wa kwanza, na walioipata ni wafanyabiashara walioshindania wateja wale wale.

Hesabu ya enzi ya setilaiti inastahili kufanywa kwa mkono. Setilaiti ya mawasiliano inakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kama kilomita 72,000, na kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu robo ya sekunde. Barua yetu ilipanda mara mbili, basi nusu sekunde, na jibu likala nusu nyingine. Yaani kabla ya foleni yoyote, kabla hata ruta haijafanya kazi, sekunde nzima imeshateketea kwa fizikia tupu. Vipimo vya wakati huo vilionyesha milisekunde 1,200 hadi 2,000, na hesabu inaviunga mkono.

Dawa yenyewe ilikuwa hii: chama cha kampuni za intaneti za Kenya, TESPOK, kilifungua mwezi Novemba 2000 kituo cha mabadilishano kiitwacho KIXP, yaani swichi moja ambapo kampuni hukabidhiana data papo hapo jijini. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na ndani ya wiki chache mdhibiti akaamuru kifungwe. Hoja ya chama ilikuwa rahisi: hapa hakuna kinachovuka mpaka, hii ni swichi. Leseni ilitoka Novemba 2001, na Februari 2002 kituo kikawaka tena. Muda wa kwenda na kurudi ukashuka hadi milisekunde 60 au 80. Usishangae kwamba haukufika 5: laini za wanachama wengi zilikuwa za kilobiti 64 kwa sekunde, na pakiti ndogo ya baiti 64 hula milisekunde 8 kupenya kwenye laini kama hiyo. Ipitishe mara nne, kwenda na kurudi, na milisekunde 32 zimeisha.

Tanzania ina TIX ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA. Kongo ina vituo Kinshasa, Lubumbashi na Goma. Mtindo ni ule ule.

Mbona washindani wakubali kukaa meza moja? Jibu lipo kwenye idadi ya nyaya. Kampuni 5 zikitaka kuunganishwa kila moja na kila nyingine, zinahitaji nyaya 10. Kampuni 30 zinahitaji 435. Zikikutana kwenye swichi moja, zinahitaji 30. Kituo chenyewe hakinunui wala hakiuzi trafiki. Ni gulio, kila mtu anakuja na mkokoteni wake kwa gharama yake na kulipia meza. Ndiyo maana inafaa kiwe cha chama, kisiwe cha kampuni mojawapo: hakuna anayetaka mshindani wake awe mwenye soko.

Hadi hapa ni habari ya kubana matumizi. Lakini gulio hilo hilo ndilo mahali ambapo usalama wa mtandao wa nchi nzima hufanywa au huharibiwa, na hapo inabidi tuende polepole.

Ruta za wanachama huzungumza kwa itifaki ya BGP, ambayo toleo lake la kwanza liliandikwa mwaka 1989. Ukitaka kuielewa, simama stendi ya daladala Dar es Salaam. Gari linasimama, konda anapaza sauti, "Kariakoo, Kariakoo!" Abiria hana ramani ya barabara; anaamini kelele na kupanda. BGP ni kelele hizo. Kila mtandao unaita, "anwani hizi zinafikika kwangu," na jirani anaandika kwenye orodha yake. Katika muundo wake wa asili hakuna anayeuliza uthibitisho.

Sasa ongeza kanuni moja: anayetaja mahali kwa undani zaidi ndiye anayeaminiwa. Konda mmoja akiita "Kariakoo!" na mwingine "Kariakoo Gerezani!", abiria wa Gerezani watalifuata gari la pili hata kama linaelekea kwingine kabisa. Ndicho kilichotokea tarehe 24 Februari 2008. YouTube ilikuwa ikitangaza kundi la anwani 1,024. Pakistan Telecom, ikitaka kuifungia YouTube ndani ya Pakistan tu, ikatangaza kipande cha anwani 256 ndani ya kundi lile, na tangazo likavuja kupitia mtoa huduma wake wa Hong Kong, PCCW. Ndani ya dakika chache abiria wa dunia nzima walikuwa wamepanda gari la Pakistan. YouTube ilijibu kwa lugha ile ile ya stendi: ikatangaza vipande vya anwani 128. Mambo yalichukua takriban saa mbili kutulia.

Dawa yake inaitwa RPKI, nayo ni kama leseni ya njia ambayo LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu Tanzania, humpa mwenye daladala. Mwenye anwani anaingia kwenye akaunti yake ya AFRINIC, shirika lililoko Mauritius linalogawa anwani za IP Afrika, na kutengeneza cheti kiitwacho ROA. Cheti kina mambo matatu: namba ya mtandao unaoruhusiwa kutangaza, kundi la anwani, na ukubwa wa kipande kidogo kabisa kinachokubalika. Ruta ya kituo hulinganisha kila kelele na vyeti. Kelele inayopingana na cheti hutupwa. Tangazo la 2008 lingeishia mlangoni.

Makosa ya kujaza cheti yanajirudia. La kwanza ni kuweka ukubwa wa kipande kwa ukarimu, "ili tusije tukasumbuka baadaye." Kampuni inatangaza kundi la anwani 1,024 lakini cheti kinaruhusu hadi vipande vya 256. Mwizi anayejifanya kuwa na namba yako ya mtandao atatangaza kipande ambacho wewe hukitangazi, na cheti chako mwenyewe kitampitisha. La pili ni kubadili namba ya mtandao, labda baada ya kuungana na kampuni nyingine, bila kugusa cheti. Hapo unatoweka kwa mkono wako: kila kituo kinachokagua kinakuona kama tapeli. Cheti kipya hutangulia, namba mpya hufuata, cheti cha zamani hufutwa mwisho.

Ila leseni ya njia inasema nani anaruhusiwa kwenda Kariakoo, haisemi gari litapita wapi. Tarehe 12 Novemba 2018 kampuni ya MainOne ya Nigeria ilivujisha njia za Google hadi China Telecom kwa dakika 74, kutokana na kosa kwenye vichujio vyake vya BGP wakati wa matengenezo ya mtandao. Mwenye anwani alibaki Google, kwa hiyo ukaguzi wa vyeti usingeona kasoro. Aina hii huzuiwa kwa njia ya kizamani: kila mwanachama aandike orodha ya anwani za wateja wake, asitangaze nje ya orodha hiyo, na kila jirani aweke kikomo cha idadi ya njia atakazopokea. Mwenzako anatangaza njia 40, weka kikomo 60. Zikifika 61, mazungumzo yanakatwa yenyewe hadi mtu apige simu.

Ndiyo maana masharti ya uanachama katika vituo hivi yanasomeka kama kanuni za nyumba ya kupanga. Anwani moja tu ya kifaa kwa kila tundu la swichi. Kifaa cha pili kikionekana, tundu linafungwa. Sababu: fundi akichomeka kimakosa waya unaorudi kwenye swichi ile ile, ujumbe wa kuita wote huanza kuzunguka na kujizidisha, na ndani ya sekunde chache washindani wote wamezimika pamoja. Kabla ya kuruhusiwa, mgeni mara nyingi huwekwa kwanza kwenye chumba cha pembeni ndani ya swichi ili ionekane vifaa vyake vinapiga kelele gani.

Kuna na wizi wa kistaarabu ambao haumo kwenye vitabu vingi. Mwanachama anaielekeza ruta yake imkabidhi jirani trafiki yote, hata ya ng'ambo, ambayo jirani hakuitangaza. Jirani asipoweka kichujio, anambebea mshindani wake mizigo ya Ulaya bure, na bili ya mwisho wa mwezi ndiyo inayompa habari. Kichujio cha kuzuia hili ni mistari michache tu ya mipangilio.

TESPOK pia ina kikosi cha sekta cha kushughulikia matukio ya usalama, kando na kile cha taifa kilicho chini ya mdhibiti. Thamani yake kubwa iko kwenye kitu kidogo: namba za simu za wahandisi wa zamu wa kila kampuni, zinazopokelewa saa nane usiku. Shambulio la kufurika likija, yaani trafiki nyingi inayotumwa makusudi ili kuzamisha mtandao, muathirika huwaomba wenzake waitupe trafiki inayoelekea kwenye anwani moja ili nyingine zipone.

Tusikipe kituo sifa zisizo zake, maana hakizuii shambulio linaloingia kwa mikongo ya nje. Na utafiti wa Internet Society wa mwaka 2020, uliokuta kwamba sehemu ya trafiki ya Kenya inayobadilishwa ndani ilipanda kutoka asilimia 30 hadi 70 kuanzia 2012, usomwe kwa makini: sehemu kubwa ni nakala za video na kurasa za kampuni kubwa za kigeni zilizowekwa kwenye seva za karibu. Hilo linapunguza gharama kweli. Uhuru ni jambo jingine. EASSy na Seacom zilipokatika kaskazini mwa Durban tarehe 12 Mei 2024, kituo cha ndani kilifaa tu kwa huduma ambazo seva zake, pamoja na seva ya kutafsiri jina lake, zilikuwa ndani. Nairobi ina nakala ya seva F, moja ya zile 13 za shina la DNS, mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, lakini shina bila tawi halikufikishi popote.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika tracert kisha jina la tovuti. Kwenye Linux na Mac ni traceroute. Kila mstari ni ruta moja njiani, na namba zake ni milisekunde. Namba zikibaki chini ya 15 hadi mstari wa mwisho, hujatoka nchini, au hujaenda mbali. Zikiruka kutoka 10 hadi 150 na kubaki juu, hapo ndipo ulipovuka bahari. Zikiruka kwenye mstari mmoja kisha zikashuka, ni ruta yenye shughuli iliyochelewa kukujibu, na nyota tatu ni ruta iliyokataa kujibu. Anza na tovuti ya gazeti unalosoma kila siku, yenye .ke au .tz mwishoni. Usistaajabu ikikupeleka Ujerumani.