Umeng'atwa na mbwa? Nenda leo

Daktari wa mifugo anahusikaje na wagonjwa wa hospitali?
Kazi yangu ni kufuatilia magonjwa yanayotoka kwa wanyama kuja kwa watu. Nikichunguza kifo cha kichaa cha mbwa, maneno ya nyumbani ni yale yale: "Kilikuwa kijeraha tu, kikapona chenyewe."

Ni ugonjwa gani?
Virusi hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia jerahani hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kati ya wagonjwa 100, takriban 99 wameambukizwa na mbwa.

Kidonda changu kimepona. Bado niende?
Ndiyo, leo. Ngozi kufunga hakuna maana yoyote. Dalili kwa kawaida huja baada ya miezi miwili au mitatu, na huo ndio muda ambao chanjo inaokoa. Mtu akishaanza kushtuka akiona maji, karibu hakuna anayepona.

Ni mkwaruzo tu.
Leo.

Zimepita wiki mbili.
Leo hii hii. Aibu ya kuchelewa haiui.

Nianze na nini?
Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kwa kutazama saa. Wengi humwagia maji mara mbili wakaona basi. Pilipili, majivu na mafuta, tafadhali, viacheni jikoni. Kisha hospitali, na umalize sindano zote. Wanaochoma moja wakapotea ninao wengi. Jeraha likitoa damu, uliza pia kuhusu kingamwili, yaani kinga iliyo tayari, zinazodungwa pale pale penye jeraha.

Mbwa ni wetu, tunamjua.
Mnajua tabia yake, si mate yake. Virusi huweza kuwemo siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili. Afungiwe, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kusitisha sindano. Lakini wewe unaanza chanjo siku ya kwanza, husubiri ya kumi! Na akifa, msimzike kabla ya kumpigia simu mtu wa mifugo, kwa kuwa ubongo wake ndio unaopimwa.

Mtoto aking'atwa atasema?
Mara nyingi hasemi, anaogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa. Takriban wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Mkague miguu na mikono anapoogeshwa, na ukikuta alama, fimbo iache ilipo.