Maswali na majibu: habari za moyo gazetini na msomaji wa kijijini kusini

Swali: Magazeti huandika kwamba mtu ameanguka ghafla shambani na kufariki kwa presha. Je, presha huua ghafla hivyo?

Jibu: Kifo ndicho huwa cha ghafla. Shinikizo la juu la damu huanza miaka mingi kabla, likiulazimisha moyo kusukuma damu kwa nguvu kupita kawaida, hadi misuli yake inanenepa na mishipa inakakamaa, na mara nyingi mwenyewe hahisi chochote. Habari inayoishia kwenye kuanguka humfanya msomaji wa Newala au Liwale, kusini mwa Tanzania, aamini kwamba hapakuwa na la kufanya, na hilo linasikitisha, kwa kuwa tatizo hili hugundulika kwa kipimo cha dakika chache tu.

Swali: Nilipimwa bure kwenye kambi ya madaktari iliyotangazwa gazetini, nikaambiwa ni 150 kwa 95. Nianze dawa?

Jibu: Kipimo kimoja kwa kawaida hakitoshi, hasa kwa mtu aliyetembea mwendo mrefu kisha akapanga foleni juani. Rudia siku nyingine kituoni: kaa dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono uko mezani usawa wa moyo, na nusu saa kabla yake usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Ikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, mtaalamu atakupangia matibabu. Dawa ukishaanzishiwa haziachwi kwa sababu umejisikia vizuri. Ikiwa fedha hupatikana baada ya mnada wa korosho tu, mweleze mapema ili akutafutie dawa unazozimudu mwaka mzima.

Swali: Chumvi kiasi gani inatosha?

Jibu: Isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikijumlisha iliyomo tayari ndani ya ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Kwa hiyo ng'onda alowekwe, maji yamwagwe, arudiwe tena kwa maji mapya, na mchuzi wake usiongezwe chumvi.

Swali: Watoto nao huweza kupata ugonjwa wa moyo?

Jibu: Ndiyo. Maambukizi ya koo ya bakteria yasiyotibiwa yanaweza kuleta homa ya rumatiki, ambayo huharibu valvu za moyo, yaani vilango vinavyopitisha damu.

Swali: Lini ni dharura?

Jibu: Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, jasho jembamba likikutoka au pumzi ikikata, nenda hospitali papo hapo, hata kama ni usiku.