Breki inashika, lakini tairi moja halina breki

Jioni tulisimama Chalinze kununua maji. Nilikuwa natoka Dar kwenda Morogoro na gari dogo nililonunua mkononi mwa mtu wiki tatu kabla. Baba yangu aliendesha malori, na alinifundisha kwamba ukisimama baada ya safari, zunguka gari na usogeze mgongo wa mkono karibu na kila rimu, bila kuigusa. Rimu za mbele zote mbili zilikuwa za moto. Ya nyuma kulia, vuguvugu. Ya nyuma kushoto ilikuwa baridi, kana kwamba gari limelala pale tangu asubuhi. Barabara ile ina matuta kila kijiji, na tairi linalofunga breki haliwezi kuwa baridi hivyo.

Kesho yake fundi wa Morogoro alifungua tairi, akavua dramu, lile kopo la chuma linalofunika breki ya nyuma, akaniita. "Dada, hebu inama uone mwenyewe." Bomba la chuma linalopeleka mafuta ya breki lilikuwa limekunjwa kama mrija wa soda, likapondwa kwa nyundo mpaka likawa bapa. Breki shuu za upande huo, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani, zilikuwa bado nene, zimelowa mafuta ya zamani yaliyoganda na vumbi. Za kulia zilikuwa zimebaki ngozi. Muuzaji aliniambia breki zimetoka kutengenezwa, na kweli pedi, vipande vinavyobana breki za mbele, zilikuwa mpya.

Dhana: pedeli ikiwa ngumu na breki ikishika juu, kazi imefanywa vizuri.

Hii ndiyo iliyonidanganya mimi, kwa hiyo nitakaa nayo. Pedeli inakuambia jambo moja tu: kwamba mafuta yaliyomo kwenye mfumo hayana upepo na hayavuji. Ukiponda bomba linaloelekea panapovuja, uvujaji unakoma, na pedeli inapanda vizuri kabisa. Isitoshe, gari likifunga breki uzito unalalia mbele, kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na matairi ya mbele. Ukipoteza breki ya tairi moja la nyuma huku unaendesha taratibu mjini, hutajua.

Utajua siku ya mvua, ukikanyaga kwa nguvu. Kwangu breki ya nyuma ilibaki kulia peke yake, kwa hiyo gari lingevutwa kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Kulia ndiko magari yanakotokea.

Kuna la pili, nalo linaniuma zaidi. Magari mengi madogo yanayovutwa na matairi ya mbele yana njia mbili za mafuta ya breki zinazopishana: moja inahudumia mbele kulia na nyuma kushoto, nyingine mbele kushoto na nyuma kulia. Zimetengwa ili moja ikikata, nyingine ikusimamishe. Aliyeponda bomba langu aliila nusu ya akiba hiyo, na hakumwambia mtu.

Dhana: handibreki ikishika, breki za nyuma ni nzima.

Kwenye gari kama langu handibreki inavuta breki shuu kwa waya. Haina habari na mafuta. Nilipaki kwenye mwinamo wiki tatu nzima na gari halikusogea hata inchi.

Dhana: mafuta ya breki hayachakai, yakipungua ongeza tu.

Mafuta ya breki ya kawaida yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta hayo, yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Sasa fikiria unateremka mlima Kitonga na gari lililojaa, mguu haubanduki kwenye breki. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inakwenda hadi chini.

Maji hayohayo yanaleta kutu. Fundi aliponionyesha wili silinda ya nyuma kushoto, kile kifaa kinachosukuma shuu kwa nguvu ya mafuta, ndani ilikuwa na vishimo vya kutu kama jino bovu. Mpira ulikuwa hauzibi tena. Hapo ndipo mambo yalipoanzia: mafuta hayakubadilishwa miaka, silinda ikaoza, ikavuja, mtu akachukua nyundo. Watengenezaji wengi wanashauri kubadilisha kila miaka miwili hivi. Na kama mafuta yanapungua ghafla, tafuta yanakokwenda kabla ya kuongeza. Oili ya injini usiitie humo hata siku moja, inavimbisha mipira yote.

Dhana: kelele zikiisha, breki zimepona.

Pedi nyingi zina kipande chembamba cha chuma kilichowekwa makusudi kipige kelele zikibaki milimita mbili au tatu. Wapo wanaokipinda, au wanaopiga pedi msasa, kisha wanakurudishia gari likiwa kimya.

Dhana: gari limekaguliwa kabla ya kupanda meli, halina shida.

Ukaguzi unasema hali ya siku ile. Gari langu lilikuwa na miaka kadhaa nchini, na lile bomba halikupondwa Japani.

Sitaki kuwatupia mafundi lawama yote. Yule wa Morogoro alinieleza kwamba wateja wenyewe humwambia, "Nizibie tu leo, spea nitanunua mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi gari linauzwa. Lakini fundi anayeponda bomba la breki na kufunga tairi bila kuandika popote, huyo amemtega mtu asiyemjua, pamoja na watoto atakaowabeba kiti cha nyuma.

Kwa hiyo ukinunua gari la mkononi, lipia fundi wako mwenyewe avue matairi yote manne na dramu zote, nawe uwe umesimama pale. Linganisha kushoto na kulia: unene wa shuu, unene wa pedi, rangi ya vumbi. Fuata kila bomba kwa tochi mpaka lilipoishia. Mimi na fundi tulibadilisha bomba, wili silinda za pande zote mbili, shuu zote nne na mafuta yote. Yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa.

Niliporudi Dar nilisimama tena Chalinze, nikazunguka gari. Nyuma kushoto palikuwa na joto.