Maana ya maziwa ya nyongeza kwa watoto wa paka

Siku hizi karibu kila anayelea paka kwa muda, akiwasubiria wa kuwachukua, husema watoto wake wako kwenye maziwa ya nyongeza. Ukiuliza mama yao yuko wapi, mmoja atakwambia hawana mama, waliokotwa kwenye boksi. Mwingine watoto wake wana wiki tano na wanalamba nyama iliyopondwa kwenye kisahani. Wa tatu, na huyu ndiye anayeniumiza, anasema mama yupo ila amefungiwa chumba kingine kwa sababu hana maziwa. Katika hao watatu hakuna hata mmoja anayetoa nyongeza.

Nyongeza ni maziwa ya paka ya kutengenezwa anayopewa mtoto ambaye bado yuko na mama yake na bado ananyonya, ili kufidia kile anachokikosa kwake. Basi. Yatima wa kwenye boksi, chupa ndiyo mlo wake wote, usiku na mchana, na mlezi ndiye wa kumpa joto na kumpangusa kwa pamba yenye uvuguvugu ili akojoe, kazi ambayo mama huifanya kwa ulimi. Wale wa wiki tano wanalikizwa tu, yaani wanaachishwa ziwa, na wamefika umri huo, maana kwa kawaida kulikiza huanza kwenye wiki ya nne.

Huyo wa tatu ndiye wa kuzungumza naye zaidi. Ziwa la paka hutoa maziwa kadiri linavyonyonywa, na chuchu isiyonyonywa hukauka. Mlezi akiwashibisha watoto kwa chupa halafu akawarudisha kwa mama kulala tu, hawatanyonya, na haitapita muda mama atakuwa kweli hana maziwa. Upungufu uliokuwa wa kudhani sasa upo, na aliyeuleta ni mlezi mwenyewe. Kama amewatenganisha tangu siku ya kuzaliwa, ni vibaya zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya kinga ya mtoto hutoka kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa, na utumbo wake huweza kuipitisha hadi kwenye damu kwa siku ile ya kwanza tu. Maziwa ya kopo hayana kinga hiyo.

Kabla ya kusema mama hana maziwa, mlishe. Paka wa mtaani aliyezalia chini ya ngazi, mbavu zinahesabika, ana watoto watano, anahitaji chakula mara mbili hadi tatu ya alichokuwa akila. Mpe chakula cha watoto wa paka, maana kina mafuta na protini nyingi, kiwe mbele yake mchana na usiku, pamoja na maji. Mpapase maziwa moja moja. Ukikuta moja limevimba, gumu, la moto, na anaruka ukiligusa, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Nani basi anahitaji nyongeza? Mizani ndiyo ya kuuliza. Kilio hakitoshi, mtoto hulia hata kwa baridi. Chukua mizani ya jikoni, weka bakuli lenye kitambaa, irudishe isome sifuri, kisha mlaze mtoto ndani. Huzaliwa na gramu kama 100, na kila siku huongeza gramu 10 hadi 15. Pima saa ileile kila siku na uandike. Wenzake wakipanda 108, 121, 133, na mmoja akabaki 94, 95, 93, wa nyongeza ni huyo mmoja, si wote. Ukikaa kimya ukawatazama utaona sababu kwa macho yako: wenzake wameshika chuchu, yeye anapanda juu ya migongo yao, anasukumwa, anaporomoka, anaanza upya hadi anachoka na kulala na njaa. Wakati mwingine hata chupa haihitajiki. Waondoe wakubwa wawili kwa dakika kumi na tano, mweke mdogo kwenye chuchu iliyojaa, umshikie nafasi.

Akihitaji kweli, anyonye kwanza kwa mama, ndipo umpe. Tumbo la mtoto wa gramu 100 hubeba mililita 4 hivi kwa mlo mmoja, kwa hiyo usimjaze. Alale kifudifudi, kamwe si chali, maana atapaliwa, na maziwa yakiingia mapafuni yanaleta nimonia. Akiwa wa baridi usimpe chochote hadi apate joto, kwani mtoto aliyepoa hawezi kusaga chakula. Na maziwa yawe ya unga ya watoto wa paka. Ya ng'ombe yana protini isiyofika hata nusu ya ile ya maziwa ya paka, na mara nyingi humharisha. Mtoto mdogo hivyo akiharisha huishiwa maji haraka sana.

Ndugu yangu uliyemfungia mama, najua umefanya kwa huruma, uliona watoto wembamba ukaogopa kuwapoteza. Mfungulie leo. Warudishe watoto wote, weka chakula pale alipolala asilazimike kuwaacha akale, na kaa nao mpaka uone amewalamba na wameshika chuchu. Kesho wapime. Asiyepanda mpe mililita zake akiwa ameshanyonya, kisha mrudishe palepale kwa mama. Wakigoma kupanda wote, mpeleke mama kwa daktari pamoja nao, kwenye kapu moja.