Kwa Nini Senti za Zamani Zilikuwa na Tundu Katikati?

Kitanda cha marehemu babu kilianza kulia. Mtu akijigeuza tu, kii, kii, mpaka mama akasema basi, aitwe fundi. Nyumba iko Majengo, Moshi, na fundi seremala hakutoka mbali. Akafungua bolti ya kwanza upande wa kichwani, nati ikatoka na kutu yake, na nyuma ya nati ikadondoka wosha pana, nyeusi kama chungu. Akaiokota, akaisugua kwenye suruali, akacheka.

"Mangi, wazee wako walikuwa na akili. Hii si wosha, hii hela."

Ilikuwa senti kumi ya Afrika ya Mashariki, ile ya mkoloni. Ukiilaza kiganjani unashangaa ukubwa wake: upana ni milimita 30 na kidogo, imeizidi hata shilingi ya wakati ule, ilhali shilingi moja ilibeba senti hizo kumi. Upande mmoja kuna pembe za ndovu zilizopinda kuzunguka tundu. Upande wa pili kuna taji, na jina la mfalme linazunguka ukingoni.

Fundi akauliza swali ambalo ndilo lililoniketisha kuandika: "Sasa hili tundu waliliweka la nini? Maana bolti hawakujua."

Ukimuuliza mtu wa rika la babu yangu, jibu liko mdomoni: la kutungia kamba. Na ni kweli. Shuka haina mfuko. Kaniki haina mfuko. Mpaka leo panda daladala ya kwenda Kiboriloni asubuhi ya soko, uone akina mama wanavyofungua pindo la kanga kutoa nauli. Noti inakaa vizuri kwenye pindo, lakini chenji ya shaba yenye uzito wake inataka kitu kingine. Ukiwa na kamba, unatunga sarafu zako kama shanga, unafunga kiunoni au unaning'iniza ndani, hazipotei wala hazipigi kelele. Tena unahesabu bila kuhangaika: senti kumi mara kumi kwenye uzi ni shilingi kamili, unampa mtu kamba nzima.

Ila wakoloni hawakuja na tundu siku ya kwanza. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890, na zote zilikuwa zimejaa, hazina tundu. Rupia ya fedha ilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma, na pesa ya shaba ilikuwa na maandishi ya Kiarabu ili mtu wa pwani aisome. Rupia moja ilikuwa pesa 64, hesabu iliyotoka India. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikaifuta hesabu hiyo, rupia ikawa heller 100. Ndiyo, heller. Hapo ndipo tulipopata neno "hela", na Mjerumani alipoondoka neno likabaki. Jirani zetu wa Kenya, ambao hawakutawaliwa naye, hulisikia kama neno la Kitanzania.

Wakati huo sarafu haikuwa jambo la hiari. Kodi ya nyumba ilianza kudaiwa mwaka 1898, na taratibu ililazimika kulipwa kwa fedha. Mtu wa mlimani aliyekuwa akibadilishana ndizi kwa mbuzi akajikuta anatafuta vibati vyenye tai wa Kijerumani. Sarafu ndogo zikahitajika kwa wingi, mikononi mwa watu wasio na mifuko. Waingereza walitangulia upande wao wa Kenya na Uganda, wakaanza kutoa senti zenye tundu mwaka 1907. Mjerumani akafuata mwaka 1908 na heller kumi yenye tundu.

Kamba, hata hivyo, ni sababu moja tu. Ya pili ni ubahili. Kila kipande kinachotobolewa katikati hurudi kwenye tanuri, na ukitengeneza sarafu kwa mamilioni, vipande hivyo vidogo ni mzigo wa maana. Ya tatu ni mguso. Usiku, taa ni koroboi inayotoa moshi kuliko mwanga, kidole kinatambua yenye tundu na isiyo na tundu kabla jicho halijaona. Wajapani wanaitumia hila hii mpaka leo: yeni 5 na yeni 50 zao zina tundu.

Wazo lenyewe ni la zamani sana. Wachina walikuwa na sarafu zenye tundu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ila lao ni la mraba. Kwa nini mraba? Sarafu zao hazikugongwa kwa mashine, zilimiminwa kwenye kalibu kama anavyofanya mfua shaba, na zilitoka na ncha za kukwaruza pembeni. Fundi alizitunga nyingi kwenye fimbo ya mraba, akazipiga tupa zote kwa pamoja. Fimbo ingekuwa ya duara, sarafu zingezunguka tu. Moja ya sarafu hizo, iliyotolewa wakati wa mfalme Yongle wa China, mwanzoni mwa karne ya 15, ilipatikana kisiwani Manda, karibu na Lamu. Habari zake zilitangazwa mwaka 2013. Kwa hiyo hela ya tundu ilishafika pwani yetu karne nyingi kabla ya Mjerumani.

Masultani wa Kilwa, ambao waligonga sarafu zao wenyewe za shaba tangu karne ya 11 hivi, hawakuweka tundu wala sura ya mtu. Waliweka maandishi: jina la sultani na maneno ya kumtaja Mungu, upande huu ukitoa kina na upande ule. Ukitaka ushahidi kwamba Mswahili anapenda shairi hata kwenye chenji, ndio huo.

Na hapa ndipo senti ya kitandani kwetu inaponoga. Tundu na sura ya mtu haviwezi kukaa pamoja. Mfalme hatoboliwi pua. Ndiyo maana kwenye senti zetu Mwingereza aliweka taji na jina peke yake, na kichwa cha mfalme akakipeleka kwenye senti hamsini na shilingi.

Jioni ile niliiosha senti kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaisogeza kwenye mwanga wa simu, nikasoma herufi moja moja: EDWARDVS VIII. Hiyo V iliyo kabla ya S ni U ya Kilatini. Mwaka: 1936.

Edward wa Nane alishika ufalme wa Uingereza tarehe 20 Januari 1936, akauacha tarehe 11 Desemba mwaka huohuo, kwa sababu alitaka kumuoa Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kuachika, na serikali ikakataa. Hakufikisha mwaka, hakuvikwa taji. Kuandaa sarafu yenye sura ya mfalme kunataka muda: achorwe, achongwe, aridhike. Kabla kazi hiyo haijaisha, mwenyewe kaondoka. Kwao Uingereza, raia hakuwahi kununua mkate kwa sarafu ya Edward wa Nane. Lakini senti za tundu hazikungoja sura, zilitaka kubadilishiwa jina tu. Zikagongwa kwa mamilioni, senti tano na senti kumi, zikaingia melini. Kwa hiyo muuza ndizi wa Moshi alishika hela ya mfalme ambayo mtu wa London hakuishika. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na bado linanichekesha.

Fundi aliposikia hadithi hiyo, la kwanza aliuliza bei. Si kosa lake. Kila mtaa, Moshi na Arusha, una hadithi ya rupia za Mjerumani zilizozikwa chini ya mti na mtu anayemjua mtu anayenunua kwa mamilioni. Wengi wameliwa hela zao halisi wakifukuzia hizo za kale. Ukweli ni kwamba kilichogongwa kwa mamilioni hakiwi adimu kwa kuzeeka tu. Senti ya Edward, kwa wakusanyaji, mara nyingi haizidi bei ya sahani ya chipsi mayai, na yetu ina kovu la nati.

Iliyo ghali kweli ni nyingine: rupia 15 ya dhahabu, iliyogongwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, Mjerumani akiwa amezingirwa vitani, dhahabu ikitoka machimbo ya Sekenke. Ina ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima ambao wakusanyaji huuita Kilimanjaro. Ziligongwa kama 16,000 tu. Ukiletewa moja kwa bei ya kutupa pale stendi, endelea na safari yako.

Fundi alikuwa ameshatoa msasa aing'arishe. Nilimnyang'anya. Ukiona sarafu ya kale, usiisugue kwa majivu, ndimu wala msasa: ile rangi ya kahawia inayoudhi macho ndiyo ngozi yake, na anayejua huipa thamani ikiwa nayo. Ikauke, iwekwe kwenye karatasi safi, mbali na jasho la mikono. Na kama ni ya Kilwa au ya zamani za namna hiyo, hiyo iko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Si ya kuuziana kwenye simu.

Senti za mwisho zenye tundu zilitoka mwaka 1964, uhuru umeshapatikana, zikiwa hazina jina la mfalme yeyote. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikaleta zetu: senti tano ya pembe kumi na mbili yenye samaki, ishirini yenye mbuni, hamsini yenye sungura, na upande wa pili Mwalimu Nyerere. Sura ikarudi, tundu likaondoka.

Kitanda sasa hakilii. Fundi aliweka wosha ya dukani pale kichwani, akakaza. Zimebaki bolti tatu, na nimejaribu kumshawishi mama tuzifungue tuone babu aliweka nini. Anasema kitanda kimeshanyamaza, nikiache.